Treni ya Mvuke na Wazee Walioiamsha

1. Mizigo juu ya vichwa

Zamani mizigo ya Maniema ilisafiri juu ya vichwa vya watu. Njia kubwa ya misafara ilitoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Ilipita Kabambare, ikafika Kasongo, ikaendelea mpaka Nyangwe kando ya mto Lualaba. Wapagazi walikwenda mmoja nyuma ya mwenzake, kila mtu na mzigo wake wa kilo 30 hivi. Pembe za ndovu zilipita njia hiyo. Watu waliotekwa utumwani nao walipita, wamefungwa minyororo. Wengi walianguka njiani wasiinuke tena.

Mtu atauliza: "Mbona mto Lualaba uko karibu? Kwa nini mizigo haikupakiwa katika mitumbwi?" Mto ni njia nzuri, lakini si njia nzima. Mahali pengine maji ni mapana na matulivu, na meli hupita. Mahali pengine maji hupiga miamba kwa kishindo, na mtumbwi huvunjika vipande. Karibu na Kongolo mto unabanwa kati ya kuta za mawe. Wazungu wa kwanza walipaita mahali hapo Milango ya Jehanamu.

Basi Wabelgiji walifanya shauri hili: palipo na maji matulivu, meli, palipo na miamba, njia ya chuma. Mwaka 1902 ilianzishwa kampuni iliyoitwa kwa kifupi C.F.L., yaani kampuni ya njia za chuma kutoka Kongo ya Juu mpaka Maziwa Makuu. Mwaka 1906 treni ilianza kwenda kati ya Kisangani na Ubundu, miji iliyoitwa siku zile Stanleyville na Ponthierville. Mwaka 1911 kipande cha pili kilikwisha, kutoka Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355. Kipande hicho kinapita Kibombo na Samba. Mtoto wa Wamaza, wa Kasongo au wa Kabambare akitaka kuiona treni hiyo, sharti avuke Lualaba kwanza. Mwaka 1915 kipande cha tatu, kutoka Kabalo, kilifika ziwa Tanganyika, mahali panapoitwa leo Kalemie. Na mwaka 1939 Kongolo na Kabalo ziliunganishwa kwa reli, na daraja likajengwa juu ya Lualaba.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Waliagiza Wazungu, lakini mikono ilikuwa ya watu wa vijiji. Walikata msitu, walipasua mawe, walibeba mataruma mabegani. Si wote waliokwenda kwa hiari yao. Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vivyo hivyo, ukiona reli imelala chini, jua kwamba migongo ya watu iliinama ili kuilaza.

2. Nguvu ya sufuria

Mashini za kwanza zilizovuta treni hizo zilikwenda kwa mvuke. Mvuke ni nini? Kila mtoto ameuona jikoni. Mama anateleka sufuria ya maji ili apike ugali. Maji yakichemka, kifuniko kinaanza kucheza. Ni nani anayekisukuma? Ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa sana: kopo moja la maji hutoa mvuke wa kujaza makopo zaidi ya 1600. Ukiufungia mvuke mahali padogo, utatafuta njia ya kutoka kwa nguvu zote.

Mashini ya treni ni sufuria hiyo, ila ni kubwa, tena imefungwa pande zote. Nyuma kuna tanuri la moto. Moto hupita ndani ya mabomba mengi yaliyozungukwa na maji, na maji huchemka upesi. Mvuke hukusanyika juu, kisha hupelekwa ndani ya silinda. Silinda ni bomba nene la chuma, na ndani yake mna kizibo kinachoitwa pistoni. Mvuke huisukuma pistoni mbele, halafu huingia upande wa pili na kuirudisha nyuma. Pistoni imeshikana na fimbo ya chuma, nayo fimbo imeshikana na magurudumu. Pistoni ikienda mbele na nyuma, magurudumu huzunguka. Mvuke uliokwisha kazi hutoka kwa bomba la moshi: chu! chu! chu! Hiyo ndiyo sauti ya treni ya zamani.

Watu wawili hufanya kazi pamoja juu ya mashini. Mmoja huiendesha. Mwenzake huchochea moto na kutazama maji. Huyu wa pili asidharauliwe. Akitia kuni au makaa machache, treni itasimama mlimani. Akiacha maji yapungue mno, chuma kitaungua, na mashini yaweza kupasuka na kuwaua wote wawili. Kwa hiyo kuna kioo kidogo cha kuonyesha kimo cha maji, na jicho lake halikiachi muda mrefu.

3. Zilizoachwa na zilizopendwa

Baadaye zilikuja mashini za mafuta ya dizeli. Mashini ya mvuke ni kama mgonjwa wa kuhudumiwa: yataka moto uwashwe saa nyingi kabla ya safari, yataka maji njiani kila mara, yataka majivu yaondolewe jioni. Mashini ya dizeli huwashwa na kuondoka. Basi katika nchi nyingi, mashini za mvuke ziliachwa moja moja. Nyingi zilikatwa vipande na kuuzwa kama chuma kikuukuu.

Lakini watu wengine walisikitika. Huko Wales, katika Uingereza, palikuwa na njia ndogo ya reli iitwayo Talyllyn, iliyokuwa karibu kufa. Mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua. Walifanya kazi siku zao za mapumziko bila mshahara, na treni ikaendelea kwenda. Hao walikuwa wa kwanza duniani kuiokoa njia ya reli kwa namna hiyo. Nchi nyingine ziliwafuata.

Hivyo ilianza desturi mpya. Watu hukusanyika kikundi, hulipa fedha nyingi, na kwenda nchi ya mbali kwa likizo yao, si kwa biashara wala kwa kazi, bali wapande treni ya mvuke na kutazama nchi. Wanaweza kuruka kwa ndege, nao wanachagua kwenda polepole, nguo zao zikiingia masizi! Kwa nini? Jibu litaonekana mbele.

4. Nairobi: mashini zilizolala

Kwenda mashariki, ng'ambo ya maziwa, kuna mji wa Nairobi katika nchi ya Kenya. Mji huo ulizaliwa na reli. Waingereza walianza kujenga njia kutoka Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi wengi penye mto Tsavo, hata kazi ikasimama. Mwaka 1899 reli ilifika mahali pa majani matupu na maji baridi. Palijengwa kambi, na kambi hiyo ndiyo Nairobi. Mwaka 1901 reli ilifika ziwa Nyanza, mahali panapoitwa leo Kisumu.

Nairobi kuna nyumba ya makumbusho ya reli, iliyofunguliwa mwaka 1971. Nje yake, mashini za zamani zimesimama kwa safu. Kubwa kuliko zote ni ya namba 5918, na jina lake ni Mount Gelai, kwa kuwa mashini za aina yake zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashini chache za makumbusho hayo ziliwashwa moto tena, na kuvuta mabehewa ya wageni.

Basi mashini kuukuu yaweza kuamka. Lakini kuamsha mashini moja ni jambo dogo kuliko kuamsha njia nzima iliyokufa. Jambo hilo lilifanyika katika nchi ya Eritrea.

5. Treni ipandayo mlima

Eritrea iko kaskazini, kando ya bahari ya Shamu. Pwani kuna bandari ya Massawa, mji wa joto kali, wenye nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, kama zile za Lamu na Unguja. Mji mkuu, Asmara, uko juu ya milima, mahali pa baridi, zaidi ya mita 2300 kutoka usawa wa bahari. Kati ya miji hiyo miwili reli ina urefu wa kilometa 118 tu. Fikirini jinsi inavyopanda! Waitalia walianza kuijenga mwaka 1887, wakafika Asmara mwaka 1911. Walikaa miaka 24 katika kazi hiyo.

Reli haiwezi kupanda mlima wima kama mbuzi. Huzunguka ubavuni, huingia katika mahandaki, hupita juu ya madaraja ya mawe. Mahali penye mteremko mkali, reli hupanda mita 1 kwa kila mita 28. Magari madogo hayaoni shida hapo, lakini kwa treni ni kazi nzito, kwa sababu gurudumu la chuma huteleza juu ya reli ya chuma. Kwa hiyo mashini hubeba mchanga mkavu na kuumwaga juu ya reli mbele ya magurudumu. Tena mashini hizo zina mafungu mawili ya magurudumu chini ya tumbo moja, na fungu la mbele hupinda lenyewe. Hivyo mashini ndefu huweza kufuata kona kali, kama jongoo afuatavyo shina la mti.

Baada ya njia hiyo kufunguliwa tena, vikundi vya wageni vilikuja kutoka Ulaya na kwingineko. Safari yao ilikuwa hivi. Alfajiri, kabla ya jua, wafanyakazi waliwasha moto katika karakana ya Asmara. Wageni nao waliamka mapema ili watazame tu moshi wa kwanza. Kisha treni ilianza kuteremka. Katika mteremko, kazi si kuvuta bali kuzuia. Watu wa breki walikaa juu ya mabehewa. Filimbi ya mashini ilipolia, walikaza breki kwa mikono, na ilipolia kwa namna nyingine, walizilegeza. Mmoja akisinzia, wote wako hatarini.

Katika stesheni mashini ilikunywa maji, nao wageni walikunywa kahawa. Mahali penye mandhari nzuri waliomba treni isimame. Walishuka wote, wakapanda kilima kidogo na kamera zao. Treni ilirudi nyuma, kisha ikaja tena kwa moshi mwingi na filimbi kali, bila abiria hata mmoja, ili ipigwe picha. Wachungaji wa mbuzi walisimama kuwatazama. Bila shaka walijiuliza ni watu gani hawa wanaolipia treni halafu wanaiacha ipite tupu.

Wageni hawakuona reli tu. Juu ya mji mdogo wa Nefasit kuna monasteri ya Debre Bizen, iliyoanzishwa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Njia ya kufika ni ya miguu, na wanaume peke yao ndio wanaoruhusiwa kuingia. Katika Asmara waliona kanisa kubwa la Wakatoliki lenye mnara mrefu, msikiti mkubwa, na kanisa la Waorthodoksi, yote katika mji mmoja. Mwaka 2017 mji huo uliwekwa katika orodha ya UNESCO ya mahali pa urithi wa dunia. Waliona pia soko la Medebar. Hapo mafundi hugonga mapipa ya zamani na kuyageuza majiko, masanduku na mabeseni. Hakuna chuma kinachotupwa.

6. Wazee walioitwa tena

Sasa sikilizeni jinsi reli hiyo ilivyokufa na kufufuka. Vita vya Eritrea vilianza mwaka 1961 na kudumu miaka 30. Katikati ya miaka ya 1970 treni ilikoma. Askari waling'oa reli na mataruma ya chuma wakavijengea mahandaki yao ya vita. Madaraja yalibaki, lakini njia haikuwako tena. Mashini zilisimama katika karakana, zimefunikwa na vumbi.

Vita vilikwisha mwaka 1991, na mwaka 1993 Eritrea ilipata uhuru. Watu walitaka treni yao. Wageni wenye ujuzi walitaja bei, nayo ilikuwa kubwa mno kwa nchi iliyotoka vitani. Basi mwaka 1994 serikali iliwaita wafanyakazi wa zamani wa reli. Wengi walikuwa wazee. Wengine walikuwa wamepita miaka 70, hata 80. Walikuwa wameketi nyumbani wakingoja mwisho wa siku zao. Walikuja.

Walizitafuta reli na mataruma katika mahandaki ya vita, wakazinyosha, wakazirudisha mahali pake. Kifaa kilichovunjika hakikununuliwa, kwa sababu hakikuwako dukani popote. Walikifua wenyewe kwa moto na nyundo. Michoro mingi ilikuwa vichwani mwao. Vijana walisimama kando yao, wakishika koleo na kutazama. Hivyo vijana walijifunza: sauti gani ni ya mashini yenye afya, na sauti gani ni ya mashini inayoumwa, reli ilazwe vipi penye kona, moto utiwe makaa lini. Mwaka 2003 reli ilifika Asmara tena.

Hapa ndipo jibu la swali letu. Wageni hawakulipa kwa ajili ya chuma peke yake. Chuma kiko kila mahali. Walikuja kuona ujuzi wa watu: mzee anayesikiliza mashini kama mganga asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Mashini haifi kwa uzee wake. Inakufa siku anapokufa mtu wa mwisho ajuaye kuitengeneza, kama hakumfundisha mtu.

7. Reli ya Maniema

Na reli ya huku je? Mwaka 1955 reli zake zilipanuliwa, na mwaka 1956 ziliungana na zile za Katanga penye Kamina. Toka hapo mzigo uliweza kutoka Kindu mpaka Lubumbashi bila kushushwa. Mashini za dizeli zilichukua nafasi ya zile za mvuke.

Mwaka 1998 vita vilianza, na treni ya Kindu ikakoma. Hapo watu waliona thamani yake. Chumvi na sabuni zilikuwa adimu, na bei ikapanda. Mizigo ilirudi juu ya vichwa vya watu na juu ya baiskeli zilizosukumwa kwa mikono siku nyingi porini, kama zamani za misafara. Mwaka 2004 treni ilifika Kindu tena, na watu wakashangilia.

Njia hiyo bado ni dhaifu. Mvua hubomoa udongo chini yake, na majani huifunika. Mtu mwingine hufungua msumari wa taruma ili auze chuma, au afue jembe. Anapata fedha ya siku moja. Lakini msumari mmoja ukikosekana, taruma hulegea. Taruma likilegea, reli husogea. Reli ikisogea, treni huanguka pamoja na watu waliomo. Mwenye kuuza msumari ameuza asichokinunua, nao wengine ndio watakaolipa.

Tena, katika miji na vijiji vyetu wako wazee waliofanya kazi ya reli au meli, au waliowasikia baba zao wakisimulia. Mtoto aende kwa mzee kama huyo, amsalimu kwa heshima, amwulize: "Babu, mlifanyaje?" Kisha aandike katika daftari lake. Wazee wa Eritrea waliitwa wakati bado wako hai. Wangechelewa miaka kumi tu, asingekuwako wa kuitika.

Maneno ya kujifunza

Behewa (mabehewa): gari linalovutwa na mashini ya treni, la watu au la mizigo.
Taruma (mataruma): gogo la mti au la chuma linalolazwa chini ya reli ili kuzishika.
Handaki (mahandaki): njia iliyotobolewa ndani ya mlima, pia shimo la kujificha vitani.
Karakana: mahali mafundi wanapofanyia kazi.
Masizi: vumbi jeusi la moshi.
Kujitolea: kufanya kazi kwa moyo, bila mshahara.

Maswali

1. Kwa nini mto Lualaba haukutosha kuwa njia ya mizigo?
2. Taja vipande vitatu vya kwanza vya reli ya C.F.L. na mwaka wa kila kimoja.
3. Eleza jinsi mvuke unavyozungusha gurudumu. Chora picha.
4. Kwa nini mashini hubeba mchanga mkavu?
5. Mataruma ya reli ya Eritrea yalitumiwa kwa kazi gani wakati wa vita?
6. Wazee wa Eritrea walikuwa na mali gani ambayo haikuuzwa dukani?
7. Msumari mmoja wa reli ukiibiwa, mambo gani hufuata? Yaandike kwa taratibu.
8. Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja jinsi watu walivyosafiri alipokuwa mtoto. Andika sentensi kumi.